Namna ya Kuwasilisha Mradi wa Mwisho wa Sanaa na Kueleza Chimbuko Lake

Nafundisha uchapaji wa picha na uchoraji, na kila mwisho wa mwaka hukaa kwenye jopo la watahini. Huwa naumia ninapoona kazi nzuri ikizikwa na mwenyewe. Mwanafunzi amekesha miezi minne juu ya turubai ya kuchorea, halafu anasimama mbele yetu na kusema, "Mimi nimevutiwa na maisha kwa ujumla." Basi. Kazi inabaki ukutani kama yatima.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mwanafunzi huyo. Ninachosisitiza ndani yake ni kimoja: chimbuko la kazi yako liwe kitu ambacho mtazamaji anaweza kukigusa kwa kidole ndani ya kazi yenyewe. Anza kuufuata wiki tatu kabla ya siku yako, usisubiri usiku wa mwisho.

Hatua ya 1: Mwaga kila kitu sakafuni

Tafuta sakafu safi, kisha toa vyote ulivyofanya tangu siku ya kwanza ya mradi: madaftari ya michoro, vipande vya majaribio, picha ulizopiga kwa simu, karatasi ulizojaribia rangi, kazi zilizoharibika. Hizo zilizoharibika usizifiche. Panga kwa tarehe kutoka kushoto kwenda kulia, panda juu ya kiti imara, piga picha nzima kutoka juu.

Kompyuta isubiri. Ukianza na slaidi utajikuta unatunga hadithi, lakini sakafuni unaona kilichotokea kweli. Mara nyingi utagundua kwamba mradi uligeuka siku ambayo hata wewe hukuitilia maanani: rangi zilipungua, umbo moja likakua, mtu aliyekuwa katikati akatoweka. Kila mahali mradi ulipogeuka weka kijikaratasi. Utapata vitatu au vinne, na hivyo ndivyo mifupa ya wasilisho lako.

Mchoraji Picasso alipokuwa akichora picha yake kubwa Guernica mwaka 1937, mpiga picha Dora Maar aliipiga picha turubai hiyo katika hatua mbalimbali. Ndiyo maana leo tunajua kwamba mwanzoni kulikuwa na mkono ulionyooshwa juu, ngumi imekunjwa, na kwamba Picasso aliuondoa. Kujua alichokifuta kunatusaidia kuelewa alikuwa anatafuta nini. Kama bado uko katikati ya mradi, simu yako inatosha kwa kazi hiyo: picha moja kila jioni, kutoka mahali palepale, kwa mwanga uleule.

Hatua ya 2: Fuatilia chimbuko hadi lilipoingilia

Hapa ndipo utumie muda mwingi kuliko hatua nyingine zote.

Chukua karatasi uigawe safu tatu. Safu ya kwanza andika kitu chenyewe kilichokushika, na kiwe kitu kinachoonekana, kinachosikika au kinachoshikika. "Asili" haitoshi; "jani lililoliwa na wadudu" linatosha. "Utoto wangu" hautoshi. "Mwanga uliokuwa ukipita chini ya mlango nikiwa kitandani" unatosha. Safu ya pili andika msanii au kazi uliyojifunzia. Safu ya tatu andika ulichokibadilisha. Ikiwa safu ya tatu imebaki tupu, umenakili, na ni heri ujue hivyo ukiwa bado na wiki tatu.

Mfano wa jani nimeuchukua kwa mwanafunzi wangu. Alikuwa na karatasi nyeupe kubwa saba, amezikata kwa wembe, zimening'inia mbele ya mwanga hadi vivuli vyake vikajaa ukuta. Zilikuwa nzuri mno. Wiki mbili kabla ya siku yake nilimuuliza chimbuko akanijibu, "Asili." Nikamuuliza ipi. Alifikiri kidogo, akafungua daftari lake katikati, na hapo palikuwa na jani kavu limebanwa kwa utepe, limetobolewatobolewa. Nikalichukua nikaliinua dirishani. Mdudu alikuwa amekula nyama yote ya jani akaacha mishipa. Nikaitazama karatasi iliyokuwa karibu: wembe haukuwa umekata mstari mkuu hata mmoja. Kila tundu lilikuwa limeishia pale mshipa unapoanzia. Yeye mwenyewe alikuwa ameifuata kanuni ya mdudu miezi yote hiyo bila kuitamka.

Siku ya wasilisho hakulitaja neno "asili" hata mara moja. Aliliweka jani kwenye projekta, akasema, "Mdudu huyu anakula nyama, mshipa anauacha. Nami nilijiwekea sheria hiyo." Kisha akanyamaza, na sisi sote tukageuka kuzitazama karatasi upya.

Kuhusu wasanii uliojifunza kwao, usiogope kuwataja. Wanafunzi wengi huwaficha wakidhani watahini watasema wameiba. Mwaka 1887 mchoraji Mholanzi Van Gogh alichora upya kwa rangi za mafuta picha ya Hiroshige, msanii wa Japani, ya mvua ya ghafla juu ya daraja, chapa ya mbao (picha iliyochapwa kwa ubao uliochongwa) ya mwaka 1857. Hakuificha asili yake. Ziweke picha hizo mbili pamoja uone alichokifanya: rangi zimekuwa kali zaidi, maji yana alama za brashi pale ambapo Hiroshige aliweka rangi tulivu, na pembezoni ameongeza fremu ya maandishi ya Kijapani yaliyonakiliwa kutoka chapa nyingine. Deni linaonekana, na mkono wake pia unaonekana. Lifanye zoezi hilohilo kwa kazi yako: weka picha ya uliyejifunza kwake kando ya yako, kisha andika tofauti tano. Ukishindwa kufikisha tano, rudi mezani.

Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Kenya, alilipeleka jambo hili mbali zaidi. Katika maonyesho yake ya mwaka 2019 katika jumba la sanaa la Hepworth Wakefield, Uingereza, vyungu vyake viliwekwa pamoja na vitu alivyovichagua mwenyewe, vya kale na vya sasa, kutoka sehemu nyingi za dunia. Mtazamaji aliweza kuuona mviringo wa kitu fulani na kuukuta tena kwenye shingo ya chungu. Wewe huhitaji jumba la makumbusho. Meza ndogo kando ya kazi yako, yenye vitu viwili au vitatu vya kweli, inasema zaidi ya slaidi ishirini. Usizidishe tu, maana meza ikijaa inageuka genge.

Na uwe mkweli. Kama ulianza kazi kwanza ukamgundua msanii fulani baadaye, sema hivyohivyo. Hakuna dhambi. Mtahini aliyezoea anaitambua hadithi iliyoshonwa baada ya kazi kumalizika, na akishaitambua hata yale ya kweli uliyosema yanaanza kutiliwa shaka.

Hatua ya 3: Andika maelezo ya msanii

Maneno 120 hadi 150, si zaidi. Andika kwa nafsi ya kwanza. Yawe na nini ulichofanya, kwa nyenzo gani, kutokana na nini, na swali gani lilikusukuma.

Tazama maelezo haya: "Kazi yangu inachunguza uhusiano changamano kati ya binadamu, mazingira na utambulisho." Sentensi hiyo unaweza kuibandika chini ya kazi yoyote duniani na isimkere mtu. Sasa tazama haya: "Nimekata karatasi saba kwa wembe nikifuata mishipa ya jani moja. Nilitaka kujua ni kiasi gani cha kitu kinaweza kuondolewa na bado kikasimama." Hapa kuna nyenzo, tendo, chimbuko na swali, na hakuna neno la kukopa.

Mpe maelezo hayo mtu asiyesoma sanaa ayasome kwa sauti. Popote atakapojikwaa, andika upya.

Hatua ya 4: Punguza

Chagua kazi chache. Kama una kumi na mbili na nne ni dhaifu, onyesha nane. Kazi dhaifu haijazi ukuta, inazishusha zilizo jirani yake. Najua inauma kuacha kazi uliyoihangaikia. Iweke kwenye faili la mchakato, watahini watakapoomba waione.

Hatua ya 5: Tundika kwa vipimo

Kitovu cha picha kiwe kwenye sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, karibu na usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Vipimo hivi hutumika sana kwenye majumba ya maonyesho. Msumari unaupata hivi: chukua 145, ongeza nusu ya urefu wa picha, toa umbali kati ya ukingo wa juu wa picha na waya wa nyuma ukiwa umevutwa. Picha yenye urefu wa sentimita 80, ambayo waya wake ukivutwa unakuwa sentimita 10 chini ya ukingo wa juu, itahitaji msumari kwenye 145 + 40 − 10, yaani sentimita 175. Picha zenye ukubwa tofauti zipangwe kwa kitovu, wala si kwa ukingo wa juu.

Taa ielekezwe kutoka juu kwa pembe ya takriban digrii 30 kutoka mstari wima. Ikisogea karibu zaidi na ukuta, fremu itatupa kivuli kirefu juu ya picha. Ikirudi nyuma zaidi, kioo kitang'aa na mtazamaji atajifunika mwanga kwa mwili wake.

Usitundike kwa utepe wa kubandika. Nikiwa mwanafunzi niliitundika chapa yangu kubwa kwa utepe wa pande mbili, usiku hewa ikawa na unyevu, asubuhi nikaikuta chini imekunjika katikati. Ile chapa haikurudi tena katika hali yake. Tumia misumari, klipu au sumaku, na tundika siku mbili kabla ili ukuta nao ujaribiwe.

Kibandiko cha kila kazi kiwe na jina lako, jina la kazi, mwaka, nyenzo na vipimo, urefu wa wima ukitangulia upana.

Hatua ya 6: Zungumza ukiwa kando ya kazi

Tuseme umepewa dakika kumi. Usizijaze zote.

Nusu dakika ya kwanza nyamaza, waache watazame. Itakuwa ngumu, moyo utakwenda mbio, lakini hesabu kimoyomoyo hadi thelathini. Mtu asiyeachiwa nafasi ya kutazama hatakusikiliza. Macho yake yatakuwa ukutani huku masikio yakilazimishwa kuja kwako. Kisha taja kitu kilichokushika. Baada ya hapo pita kwenye vijikaratasi vyako vya sakafuni, mageuzi matatu au manne, na kwa kila moja sema ulikuwa unafanya nini, nini kilikwama, ukaamua nini. Malizia kwenye kazi moja tu, ile unayoijua hadi ndani, na uonyeshe kwa kidole mahali chimbuko linapoonekana.

Simama kando ya kazi, mwili ukiwaelekea wasikilizaji. Usisome karatasi. Maneno sita kwenye kadi yatosha. Slaidi, kama zipo, ziwe za picha: mchakato, chimbuko, kipande kilichokuzwa. Kazi iliyopo chumbani usiionyeshe tena kwenye slaidi, maana wote watageukia skrini na kuipa kazi halisi mgongo.

Fanya mazoezi mara tatu kwa sauti, ukiwa umesimama na saa mkononi. Mara ya tatu mwite rafiki.

Hatua ya 7: Jiandae kwa maswali

Maswali yanayorudi kila mwaka ni machache. Kwa nini ukubwa huu? Kwa nini nyenzo hii na si nyingine? Kazi hii inatofautianaje na ya yule uliyemtaja? Ni ipi isiyofanikiwa, na kwa nini? Ungepewa miezi sita zaidi ungefanya nini?

Swali la ukubwa huwaangusha wengi. "Ndiyo karatasi niliyokuwa nayo" linaweza kuwa jibu la kweli, na silidharau hata kidogo, ila endelea: karatasi hiyo ilikulazimisha ufanye nini ambacho usingefanya kwenye nyingine? Pale kikwazo kilipogeuka uamuzi ndipo panapotupendeza kusikia.

Kwenye swali la kazi isiyofanikiwa, usijibu kwamba zote zimefanikiwa. Ichague mapema na uwe na sababu inayoonekana: weusi umekolea hadi umbo limepotea, au mkunjo wa chini hauna kazi. Mwanafunzi anayeliona kosa lake kwa macho yake hunipa imani kwamba kazi ijayo itakuwa bora.

Ukipewa swali usilolielewa, omba lirudiwe. Usipolijua jibu, sema utalifikiria, kisha liandike papo hapo mbele ya aliyeuliza.

Hatua ya 8: Kabla ya kushusha

Piga picha rasmi za kila kazi ikiwa bado ukutani: moja ya mbele iliyonyooka, moja ya karibu inayoonyesha uso wa nyenzo, moja ya chumba chote akiwemo mtu ili ukubwa ueleweke. Zima taa ya kamera. Usiku huohuo andika maswali yote uliyoulizwa na nani alisimama muda mrefu mbele ya kazi ipi, kwa sababu kesho utakuwa umesahau nusu yake.

Kisha shusha kazi ukianzia na zenye kioo, zifunge kila moja peke yake, ziba matundu ya misumari, na liweke jani lako, au chochote kilichokuwa mezani, ndani ya daftari lilelile ulilolitolea.