Jinsi ya kuwafundisha waandishi wa redio jamii kujibu uvumi wa chanjo

Nikienda kufundisha redio jamii huku Tanzania naanzaga na chanjo ya HPV, ile ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, maana ndo yenye maneno mengi mtaani, eti inafunga kizazi.

Hatua ya 1. Watume waandishi sokoni, kisimani, kijiwe cha bodaboda, waandike uvumi kwa maneno yaleyale ya watu, wasiyanyooshe. Binti mmoja alirudi na daftari ameandika alivyosema bibi muuza dagaa, "wanataka tukose wajukuu". Huyo bibi anaogopa ukoo kukatika, sasa ukimmwagia takwimu utakuwa hujamjibu kabisa.

Hatua ya 2. Nenda kwa mratibu wa chanjo wa wilaya au nesi wa zahanati na rekoda yako, uliza nani anachomwa (wasichana wa miaka 9 hadi 14, na tangu 2024 ni dozi moja tu) halafu uliza na maudhi yake, usiyafiche hata kidogo. Mkono unauma, homa inaweza kuja, wengine wanazimia baada ya sindano ndo maana wanakalishwa dakika 15. Mzazi akiyasikia haya mapema kwenye redio yake, siku mtoto akidondoka shuleni hatakimbilia kusema kawekewa sumu.

Hatua ya 3, skripti, na hapa mimi nakaa hata siku nzima. Kuna redio moja nilifundisha wakatengeneza promo, "Je, ni kweli chanjo inafunga kizazi?", ikapigwa toka asubuhi na jibu likaja saa 2 usiku, sasa mama aliyesikiliza mchana akiwa shambani kaondoka na swali tu, na iliniuma sana kwa kweli. Kwa hiyo sentensi ya kwanza iwe ukweli wenyewe: "Chanjo hii inamkinga binti na saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa unaoweza kusababisha mwanamke atolewe kizazi." Umeona, hapo yule bibi wa dagaa atategesha sikio. Uvumi utaje mara moja tu, sema umekosea wapi, kisha rudia ukweli.

Hatua ya 4, simu za laivu. Mtu akipiga na uvumi usimcheke wala usimkatie, mwambie "mama nimekusikia, na ni haki yako kuuliza", ndo umpe mtaalamu nafasi. Mtaalamu asipojua aseme hajui, swali liandikwe ubaoni studio na lisifutwe mpaka jibu lirushwe hewani.