Masta ukiwa kazini: mwalimu wa Mtwara na Lindi aanzie wapi

Swali la kwanza la kila mwalimu ni "GPA yangu inatosha?" GPA ni wastani wa alama zako za shahada, na jibu ni fupi. Kwa kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), anayeomba uzamili (masta) awe na shahada ya kwanza yenye GPA ya 2.7 au zaidi, yaani daraja la pili la chini kwenye kipimo cha 5. Mwenye ufaulu wa kawaida tu (2.0 hadi 2.6) hajafungiwa mlango: anasoma kwanza stashahada ya uzamili, anaimaliza kwa GPA isiyopungua 3.0, kisha anaomba masta. Chuo kinaruhusiwa kuweka kiwango cha juu kuliko hicho, kwa hiyo soma tangazo la kozi yenyewe. Kuna mwenye 2.9 aliyekataliwa kihalali kabisa kwa sababu kozi aliyoomba ilitaka zaidi.

Wachache sana hukwama kwenye GPA. Wengi hukwama kwenye barua ya mwajiri, majina ya vyeti na siku za kusafiri. Bora kuanza na hayo.

Barua kabla ya ada

Usilipe ada kabla ya kuwa na ruhusa ya maandishi. Hata kama utasoma kwa masafa na hutakosa kipindi hata kimoja, mwajiri anatakiwa ajue. Shahada iliyopatikana kimyakimya ni taabu kuiingiza kwenye taarifa zako za kiutumishi baadaye, na siku ukihitaji siku tano za mitihani ya chuo hutakuwa na hoja ya kumpa mkuu wa shule.

Barua inaandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri yako, iwe Tandahimba, Nanyumbu, Liwale au Manispaa ya Lindi. Inapitia kwa mkuu wa shule (mwalimu mkuu kwa msingi) na afisa elimu wa idara yako. Wa msingi aulize pia kama inapita kwa afisa elimu kata. Iwe ya ukurasa mmoja na itaje kozi, chuo, namna ya kusoma, miaka, nani anagharamia, na tarehe ambazo hutakuwepo kituoni. Hizo tarehe ndizo anazozitafuta anayesaini. Barua inayosema tu "naomba kujiendeleza kielimu" inalala masjala, kwa kuwa hakuna anayejua anaidhinisha kitu gani. Ambatanisha barua ya kuthibitishwa kazini. Kama bado uko kwenye miezi 12 ya majaribio, subiri, hutapewa. Piga nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa uitunze, kisha ulizia kwa afisa utumishi baada ya wiki mbili. Barua kutoka Mangaka au Kitangali isiyokuwa na wa kuifuatilia haisogei.

Muulize pia afisa utumishi kama jina lako linaweza kuingia kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Kuingia humo si ahadi ya kulipiwa, ila ruhusa inakuwa rahisi mwaka hadi mwaka.

Chuo kipi, na mwili wako utakuwa wapi

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, kina vituo vya mkoa Mtwara na Lindi, na ndicho njia ya kawaida kwa mwalimu asiyetaka kuacha kituo. Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, tawi la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) lililopo Mtwara mjini, kinafaa kuulizwa kwa aliye karibu. Swali lenyewe liwe: je, kozi hii ya uzamili inafundishwa mwaka huu? Kozi inaweza kuwa kwenye orodha na isifunguliwe kwa kukosa waombaji. Kozi za jioni za Dar es Salaam zisahau. Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, basi linakula siku nzima, na hakuna mwalimu wa Newala atakayewahi kipindi cha saa kumi na moja jioni.

Kabla ya kujaza fomu, piga simu chuoni uulize mambo manne: ana kwa ana ni mara ngapi kwa mwaka na wapi; mitihani inafanyikia kituo cha mkoa au makao makuu; utetezi wa tasnifu ni kwa mtandao au kwa kwenda; na msimamizi anapatikanaje. Majibu hayo ndiyo gharama halisi ya kozi. Ada mbili zinaweza kulingana, lakini inayokutaka Dar mara nne kwa mwaka ni ghali zaidi ukijumlisha nauli, chumba na chakula. Weka siku mbili za ziada kwa kila safari ya masika. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Kusini eneo la Somanga, Kilwa, na mtahini hasubiri maji yapungue.

Hakikisha pia kuwa chuo na kozi vyote viwili vinatambuliwa na TCU. Orodha iko kwenye tovuti yao. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi moja ikawa haijaidhinishwa. Shahada ya kwanza ya nje ya nchi inahitaji kutambuliwa na TCU kabla hujaomba, na hilo huchukua muda.

Kozi

Ukitaka uongozi wa shule au ofisi ya elimu, soma utawala, mipango na sera ya elimu. Ukipenda kazi za mitaala na vitabu, kuna ubunifu wa mitaala. Mwalimu wa Kiswahili ana nafasi ambayo wengi huisahau: masta ya Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili, tasnifu nzima. Kozi nyingine karibu zote zinaandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha kitaaluma ndicho kinachorudisha rasimu nyingi kuliko utafiti wenyewe.

Anayeota kuhamia chuo kikuu kufundisha ajue jambo moja mapema. Kwa mwongozo wa TCU, mhadhiri msaidizi anahitaji GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Mwenye 3.2 ya kwanza hawezi kuifuta kwa masta nzuri. Na aliye shuleni asitegemee daraja lipande siku ya mahafali. Kupanda kunafuata muundo wa utumishi na tathmini ya utendaji.

Karatasi

Andaa vyeti vya kidato cha nne na cha sita (au stashahada), cheti na transkripti ya shahada, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, picha, wasifu, na wadhamini wawili wa kitaaluma. Njia ya tasnifu tupu, yaani utafiti bila masomo ya darasani, hudai na dhana ya utafiti ya kurasa chache. Transkripti ndiyo inayochelewesha watu. Kama uliondoka chuoni na cheti tu, anza kuifuatilia miezi miwili kabla.

Kisha panga vyeti vyote mezani usome majina herufi kwa herufi. Huku kwetu ni kawaida cha msingi kubeba jina la babu, cha nne jina la baba, na cha shahada jina la mume. Hati ya kiapo mbele ya wakili hutosha kwa tofauti ndogo za herufi. Jina likiwa limebadilika kabisa, chuo kinaweza kudai hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hiyo si kazi ya siku moja. Nakala zote zigongwe muhuri na wakili au hakimu. Malipo yafanywe kwa kontrol namba (namba ya malipo inayotolewa na chuo) tu, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu, hata akiwa "anakusaidia".

Hesabu ya fedha

Sheria inataka mtumishi abaki na theluthi moja ya mshahara wa msingi baada ya makato. Chukua mshahara wa 1,000,000 kama mfano. Bodi ya Mikopo inakata 15% (150,000), mfuko wa pensheni wa PSSSF 5% (50,000), bima ya afya ya NHIF 3% (30,000), chama cha walimu 2% (20,000), na kodi ni 115,500. Jumla ni 365,500. Unabaki na 634,500, na theluthi ni 333,333. Rejesho la mkopo wa benki kwa mwezi haliwezi kuzidi kama 301,000. Ukiwa tayari na mkopo wa nyumba au pikipiki, nafasi hiyo imeshaliwa, na ada itabidi itoke mfukoni.

Ndiyo maana wenye mashamba hulipa kwa msimu wa korosho. Mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba, minada nayo huanza kipindi hichohicho, lakini malipo ya chama cha msingi cha ushirika huchelewa wiki kadhaa baada ya mnada. Omba chuo ratiba ya awamu na uweke awamu kubwa Januari. Anayepanga kulipa Oktoba kwa korosho iliyo bado ghalani huanza muhula akiwa hajasajiliwa, na asiyesajiliwa hafanyi mtihani.

Saa

Uzamili una krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi, yaani saa 1,800. Ukigawa kwa miaka miwili ni kama saa 17 kwa wiki. Kwa mitatu ni kama 11 na nusu. Kwa mwalimu mwenye vipindi 24 na kambi ya kidato cha nne, miaka mitatu ndiyo hesabu ya kweli. Zungumza na mwalimu wa taaluma wa shule yako vipindi vyako vibanwe asubuhi, na usikubali kuwa msimamizi wa mtihani wa taifa wa Novemba mwaka wenye mitihani yako. Ufaulu wa uzamili ni B; C uliyozoea shahada ya kwanza huku ni kurudia. Pakua masomo yote mwanzoni mwa muhula na uyahifadhi nje ya mtandao, maana umeme na intaneti havitabiriki.

Tasnifu

Hapa ndipo wengi huacha. Mada huwa pana mno: "utoro mkoani Mtwara" haimaliziki. "Mahudhurio ya wasichana wa kidato cha pili wakati wa mavuno ya korosho katika kata mbili za Tandahimba" inamalizika, na unafika kwa bodaboda. Usifanyie utafiti darasani kwako: wanafunzi watakujibu kama mwalimu wao, na mtahini ataliona hilo ukurasa wa kwanza.

Kibali kinashuka ngazi kwa ngazi: barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka kwake kwenda wilaya na halmashauri, ndipo mkuu wa shule. Tenga mwezi mzima. Kusanya data kati ya mwisho wa Januari na Machi, au Julai na Agosti. Septemba ni mtihani wa darasa la saba, Novemba kidato cha nne, na Desemba shule zimefungwa, watoto wengine wako jandoni na unyagoni.

Msimamizi asipojibu kwa wiki tatu, mwandikie tena na unakili kwa mratibu wa uzamili, kwa heshima, ukitaja tarehe ya rasimu uliyotuma. Ukimaliza, peleka nakala ya cheti iliyothibitishwa masjala ya halmashauri na kwa Tume ya Utumishi wa Walimu wilayani, pamoja na ile barua ya ruhusa ya mwanzo.