Kutambua aina za karatasi kwenye stempu zilizotumika

Stempu mbili zenye picha moja, rangi moja na thamani moja zinaweza kutofautiana kwa karatasi peke yake, na katalogi ikazipa bei zisizokaribiana hata kidogo. Kwenye stempu mpya, gundi nayo husaidia kubainisha. Iliyotumika haina gundi, imegongwa muhuri, na pengine imekwanguliwa mgongoni na mtu aliyeibandua kwa haraka. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio wa vipimo kuliko kipimo chochote kimoja. Vinavyofanyika pakavu vitangulie, kwa sababu maji yakishapita, baadhi ya dalili hazirudi.

Vifaa. Kibano, lenzi ya kukuza mara 10, taa ya meza inayoweza kuelekezwa, kadi nyeusi, na taa ya urujuanimno ya mawimbi marefu (nanomita 365). Maikromita (kifaa cha kupimia unene) ukiipata ni nzuri, lakini si lazima. Kifaa kinachozidi hivyo vyote ni stempu za kulinganishia: chagua za bei ndogo ambazo una hakika na karatasi yake, uziweke pembeni. Jicho halikumbuki weupe wala unene. Linajua kulinganisha tu.

Hatua ya 1: Soma muhuri. Hapa stempu iliyotumika inaishinda mpya. Tarehe ikisomeka, inaweza kumaliza ubishi kabla hujagusa lenzi, kwani stempu iliyogongwa muhuri kabla karatasi fulani haijaanza kutumika haiwezi kuwa ya karatasi hiyo. Kinyume chake hakithibitishi kitu, maana watu huweka stempu kwenye droo miaka mingi kabla ya kuitumia.

Hatua ya 2: Itazame kabla ya kuiloweka. Kama stempu bado iko kwenye kipande cha bahasha, iweke chini ya taa ya urujuanimno gizani na uandike unachokiona. Bahasha za siku hizi zina kemikali ya kuongeza weupe, na kemikali hiyo huhamia kwenye stempu ndani ya maji. Stempu iliyokuwa imefifia inaweza kutoka kwenye beseni ikiwaka nyeupe yenye ubuluu. Ukikuta stempu ya mwaka 1900 inawaka hivyo, usifurahi: karatasi za wakati huo hazikuwa na kemikali hiyo.

Hatua hii hii ndiyo ya kutafuta karatasi ya chaki, yaani iliyopakwa tabaka jembamba jeupe usoni. Makoloni ya Uingereza yalianza kuitumia sana mnamo 1905, enzi za Mfalme Edward VII, na stempu nyingi za kipindi hicho zinapatikana kwenye karatasi ya kawaida na ya chaki pia. Lengo lilikuwa kuwazuia wanaofuta muhuri ili watumie stempu mara ya pili: ukisugua, picha inaondoka pamoja na wino wa muhuri. Inamishe stempu chini ya taa. Ya chaki ina uso tambarare, wenye mng'ao kidogo, na mistari ya picha hukaa juu bila kusambaa. Kwenye karatasi ya kawaida, ukitumia lenzi, utaona wino umeingia kati ya nyuzi.

Kuna kipimo cha zamani cha kugusa ukingo wa stempu kwa kitu cha madini ya fedha halisi. Kwenye chaki huacha alama nyeusi kama ya penseli. Kinafanya kazi, ila alama haitoki, nami sikipendekezi isipokuwa kwa stempu iliyokwisha kuharibika. Isitoshe, iliyolowekwa muda mrefu inaweza kuwa imepoteza chaki yake, kwa hiyo kukosa alama si ushahidi kwamba ni ya kawaida.

Hatua ya 3: Loweka kwa uangalifu. Maji safi yasiyo moto, bila sabuni. Bahasha za rangi ziwe na chombo chao. Stempu unazodhani ni za chaki usizizamishe: zielekeze uso juu, zielee na kipande chake mpaka zijiachie. Zikaushe kwenye karatasi isiyo na maandishi, kisha uzikandamize.

Hatua ya 4: Geuza mgongo. Kazi kubwa iko hapa. Usoni picha na muhuri huficha kila kitu. Anza na stempu juu ya kadi nyeusi, kisha iinue mbele ya taa.

Karatasi iliyotengenezwa juu ya wavu uliofumwa huonekana sawa pande zote, au yenye vitundu vidogo kama vya kitambaa. Karatasi ya mistari huonyesha mistari myembamba iliyosongamana, mmoja mweupe na mmoja mweusi, na wakati mwingine mistari michache iliyoachana inayoikata. Izungushe stempu robo duara utazame tena, kwani wavu wa kawaida nao huweza kuonekana kama mistari upande mmoja. Tofauti ni kwamba mistari halisi hupita kutoka ukingo hadi ukingo, kwa nafasi zilizo sawa. Ukiihisi kwa kidole lakini mwanga hauionyeshi, hiyo ni karatasi yenye mbavu, aina nyingine kabisa. Shaka ikibaki, piga picha ya mgongo na uongeze utofauti wa mwanga na giza.

Usiikimbie hatua hii. Stempu ya senti 2 ya Kanada, ya toleo la 1868 lenye sura ya Malkia Victoria, inajulikana kwa nakala tatu tu kwenye karatasi ya mistari, na zote tatu zimegongwa muhuri.

Hatua ya 5: Nyuzi za rangi. Uswisi ilianza mwaka 1881 kutumia karatasi ya graniti, yenye nyuzi fupi nyekundu na buluu zilizotapakaa. Kwa lenzi zinaonekana mgongoni bila shida. Uzi unaosogea ukiguswa na ncha ya kibano ni uchafu tu.

Hatua ya 6: Ngumu au laini. Mfano unaosumbua zaidi ni stempu za Marekani. Mwaka 1879 American Bank Note Company iliichukua Continental Bank Note Company na ikaendelea kuchapa michoro ileile kwa karatasi laini. Ile ngumu ya mwanzo, mbele ya taa, ni safi na hupitisha mwanga kwa usawa. Laini ina umanjano kidogo, haipitishi mwanga vizuri, na ndani yake kuna mawingumawingu. Wengine huikunja kona kwa kidole wasikilize inavyolia. Kwa stempu yenye umri huo, ni njia ya haraka ya kupata mkunjo wa kudumu.

Hatua ya 7: Unene. Pima sehemu kadhaa, si moja. Palipokwanguliwa hupima pembamba na kukufanya udhani umepata peluri, karatasi nyembamba na ngumu kama zile za New Zealand za mwanzoni mwa miaka ya 1860. Peluri ya kweli ni nyembamba kote, na picha huonekana waziwazi kutoka mgongoni.

Hatua ya 8: Taa tena, kwa stempu za kisasa. Stempu za Uingereza zenye kichwa cha Malkia Elizabeth II, zilizobadilishwa kuwa za sarafu ya desimali mwaka 1971, zina karatasi zinazotoka kwenye ufifi hadi mwako mkali. Zipange sambamba na za kulinganishia chini ya taa moja. Kamwe usihukumu moja peke yake. Mwako wa karatasi yenyewe umetulia na una usawa. Ule uliotoka kwenye maji machafu una mabaka, na mara nyingi hukolea kwenye meno (ukingo uliotobolewa). Linganisha na ulichoandika katika hatua ya 2. Usiitazame taa yenyewe.

Majibu yaandike kwa penseli kwenye kadi ya kuhifadhia, si mgongoni mwa stempu, ukitaja na vipimo ulivyotumia. Vipimo viwili vikipingana, stempu hiyo naiweka kwenye kundi la bei ya chini mpaka nipate ya kulinganishia iliyo bora zaidi. Ikielekea kuwa adimu kweli, ipeleke kwa mtaalamu wa kuthibitisha kabla ya kuitangaza au kuiuza.