Shule mpya imejengwa, nani ahamie? Namna ya kugawa mitaa bila watu kununiana

Mwezi wa kumi ukiingia, simu yangu haipumziki. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza umeanza, na kata fulani imemaliza kujenga shule mpya, kuta bado zinanuka rangi. Sasa inabidi iamuliwe watoto wa wapi waende kule na wa wapi wabaki shule mama. Hapo ndipo majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wanaanza kupitana bila salamu.

Nilifundisha shule za msingi miaka 31. Nimestaafu, na sasa ni mwenyekiti wa kamati ya shule pembezoni mwa Dar es Salaam, huku ambako zamani tulikuwa tunalima mihogo na leo hata pa kuanikia nguo ni pa kugombania. Mgawanyo wa namna hii nimeupitia mara mbili. Wa kwanza tuliuharibu wenyewe. Wa pili ulikwenda, ukichechemea. Haya ninayoandika ni kwa ajili ya wajumbe wa kamati, wenyeviti wa mitaa, na mzazi aliyekuta tangazo limebandikwa bila yeye kuulizwa.

Nianze na tulivyoharibu, maana ndipo nilipojifunza.

Tuliketi watu tisa ofisini kwa mtendaji. Ramani ilikuwa ukutani, mmoja wetu akashika kalamu nyekundu, akafuata barabara ya lami kutoka mwanzo hadi mwisho. Huku shule mama, kule shule mpya. Dakika ishirini, kazi imekwisha, tukaletewa soda. Hakuna aliyekumbuka kwamba huku kuna nyumba za watu waliojenga zamani, na kule kuna vyumba vya kupanga, sita sita kwa choo kimoja. Na katika sisi tisa, saba tulikuwa wakazi wa huku, mimi nikiwemo.

Siku ya mkutano akasimama mama mmoja anayekaanga mihogo pale kituoni. "Shikamooni wazee wangu. Mimi sina maneno mengi. Katika nyie mliokaa meza kuu, nani mwanawe au mjukuu wake anahama?" Kimya. Kilichosikika ni turubai tu, linapigwa na upepo. Tulibishana saa mbili zaidi, lakini mkutano ulishakwisha pale.

Kanuni kwanza, mstari baadaye

Mara ya pili tulikwenda mkutanoni bila ramani kabisa. Tuliuliza swali moja: ni mambo gani tukubaliane kabla mtu yeyote hajajua mtoto wake ataangukia wapi? Watu wakiwa hawajui kama wanapata au wanakosa, wanasema maneno ya busara ajabu. Ukishawaonyesha mstari, kila mmoja anakuwa wakili wa nyumba yake.

Tulitoka na kanuni nne. Mtoto asivushwe barabara kuu wala korongo kama upande wake kuna shule. Watoto wa nyumba moja wasitenganishwe, ila mzazi akitaka mwenyewe. Mjumbe wa kamati afuate mstari kama mtu mwingine yeyote, hata kama ameshika cheo gani. Na darasa la nne na la saba wasiguswe.

Hii ya mwisho wazazi wengi hawaielewi mpaka waelezwe. Mtoto wa darasa la nne anafanya upimaji wa kitaifa, wa la saba anafanya mtihani wa kumaliza, na wote wanasajiliwa kwenye shule yao kama kituo. Taarifa zao ziko kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, kila mtoto na namba yake. Ukimhamisha mwili bila taarifa kuhama, atakuwa anasoma shule hii huku jina liko ile. Vurugu ya namna hiyo ikikukuta wakati wa usajili wa mtihani, hutalala. Waache wamalizie walipo, shule mpya ianze na wadogo, ikue nao.

Hesabu vichwa, usikadirie

Omba rejesta. Usikubali kauli ya "wako kama elfu mbili hivi." Shule mama yetu ilikuwa na watoto 2,140 na vyumba 19 vya kusomea. Gawa mwenyewe: 112 na chenji kwa chumba, ndiyo maana walikuwa wanaingia kwa zamu mbili. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa. Shule mpya ilikuwa na vyumba 14, kwa hiyo nafasi halali ni 630.

Sasa angalia kitu ambacho viongozi hawapendi kukisema jukwaani. Ukitoa 630, shule mama inabaki na 1,510, karibu 80 kwa chumba. Zamu mbili hazifi. Diwani alikuwa ameshatangaza kuwa msongamano umekwisha, ikabidi nimfuate pembeni nimwonyeshe hesabu kwenye karatasi. Mtu akidanganywa kwamba kuhama kwa mtoto wa jirani kutamaliza shida, mwezi wa pili atakuja kukudai wewe, si diwani.

Hesabu matundu ya vyoo pia. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kuna shule nyingi mpya ambazo madarasa yamekamilika na vyoo bado ni mashimo yenye maturubai.

Na ujue kwamba mwalimu mkuu wa shule mama ana sababu zake za kuvuta miguu, wala si roho mbaya. Chini ya elimu bila malipo iliyoanza 2016, ruzuku inafuata kichwa cha mwanafunzi: 10,000 kwa mwaka, ambapo 6,000 zinakwenda shuleni na zinazobaki ni za vitabu. Watoto 630 wakiondoka, ni shilingi 3,780,000 kwa mwaka zimeondoka nao. Chaki, matengenezo, mitihani ya ndani, vyote humo. Mlisikilize hilo kwa heshima badala ya kumwita mchoyo.

Tembea njia, na usitembee peke yako

Kama utafanya jambo moja tu katika yote haya, fanya hili.

Nilimwomba jirani anipe mwanawe wa darasa la kwanza, tukatoka mlangoni kwao saa kumi na mbili na robo asubuhi, muda ule ule ambao angekuwa anakwenda shule. Mgongoni begi, mkononi kidumu cha maji cha lita tatu, kwa sababu siku hizo shule mpya haikuwa na bomba. Kwenye ramani ni mita 900. Mimi mtu mzima nilikuwa nimeshaipima juzi yake: dakika kumi na mbili.

Mita mia za kwanza tulikwenda vizuri. Kisha akabadilisha mkono wa kidumu. Akabadilisha tena. Tukafika kwenye barabara ya vumbi ambako mafuso ya mchanga yanapita kuanzia alfajiri, na nikagundua kitu ambacho kwa urefu wangu sikukiona: kwa kimo chake, lile tuta la kifusi kando ya njia linamziba kabisa. Yeye haoni gari, na dereva hamwoni yeye. Alinyoosha shingo, akasikiliza, akanitazama. Nikamwuliza, "Ukiwa peke yako unafanyaje?" Akajibu, "Nasubiri mtu mkubwa."

Mbele kuna korongo. Ramani inalivuka kwa mstari mmoja. Watu wanalivuka kwa magogo mawili yaliyofungwa waya, au wanazunguka hadi kwenye kalavati. Tulizunguka. Tulifika baada ya dakika 31, na kidumu kilikuwa nusu.

Niliporudi na habari hiyo kwenye kamati, hakuna aliyeleta ramani tena. Tulijigawa wawili wawili, kila kundi na mtoto wake na saa, tukaandika njia zote zenye ubishi. Tukaongeza na swali la nani anamsindikiza. Wapangaji wengi wanatoka saa kumi na moja kwenda sokoni au viwandani, mtoto anajifungia mlango mwenyewe. Familia ya hivyo inahitaji shule ya karibu kuliko familia yenye bibi nyumbani au yenye bodaboda ya kulipia kwa mwezi. Na daladala usiitie kwenye hesabu. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na makonda tunawajua wanavyofumba mlango wakiona sare.

Mkutano wenyewe

Uitishwe Jumapili alasiri. Jumamosi asubuhi utapata wastaafu kama mimi tu. Tangazo lipite msikitini, kanisani, kwa wajumbe wa mashina, na kwenye gari la kipaza sauti kama mna hela ya mafuta. Mpangaji ana haki sawa na mwenye nyumba. Hilo lisemwe na mwenyekiti wa mtaa mwanzoni kabisa, kwa sauti, kwa sababu kuna wazee wanaamini kinyume.

Kisha tegemea kusikia maneno kuhusu umbali ambayo hayahusu umbali. Baba mmoja alilalamika dakika kumi nzima juu ya vumbi la njia. Nilipomfuata baadaye akaniambia ukweli: shule mama inafaulisha, imezoeleka, na mwaka wa kuchangia matofali yeye alitoa hamsini. Anaona anafukuzwa kwenye kitu alichokijenga. Hoja ya namna hiyo haijibiwi kwa mita. Inajibiwa kwa kuuliza shule mpya itaanza na walimu wangapi, na nani wanatoka shule mama kwenda kuianzisha. Sisi tuligoma kupitisha mstari mpaka afisa elimu kata aje na majina ya walimu mkononi. Alikuja na sita, tukasema hawatoshi, akarudi na tisa. Walimu wawili wanaopendwa walipokubali kuhamia kule, nusu ya ubishi ilikufa hapo hapo. Laiti tungelijua hilo mara ya kwanza.

Hakikisha pia shule mpya imesajiliwa. Jengo bila namba ya usajili ni jengo tu.

Muhtasari uandikwe pale pale, hoja za waliopinga ziingie kama walivyosema, usomwe kabla watu hawajaondoka. Msiwaambie watu kwamba mkutano ndio unaoamua. Mkutano na kamati wanapendekeza, halmashauri ndiyo inayotoa uamuzi. Lakini pendekezo lenye rejesta, dakika za kutembea na sahihi za watu ni gumu kulitupa kapuni.

Vimemo

Vitakuja. "Mpokee huyu, ni kijana wangu." Mara ya pili tulipata kumi na moja kabla hata rangi ya ubao haijakauka. Dawa tuliyoipata ni hii: kila anayeomba mtoto wake avuke mstari aandike barua, aeleze sababu, na orodha ya maombi na majibu inabandikwa kwenye ubao wa matangazo, sababu zikiwa kwa kifupi, bila majina ya watoto. Mtoto mwenye ulemavu anayehitaji njia fupi, alikubaliwa. Mtoto anayelelewa na bibi ambaye mwenyewe anakaa karibu na shule mama, alikubaliwa. "Baba yake ni mtu wa karibu na fulani" hiyo huwezi kuibandika ubaoni, kwa hiyo vimemo vinane vilijiondoa vyenyewe. Vitatu vilibaki. Kimoja kilitushinda, sitadanganya.

Mvua zikinyesha

Mstari mnaouchora mwezi wa kumi mnauchora ardhi ikiwa kavu. Masika ikikolea, mwezi wa nne hivi, rudi na yule yule mtoto mpite njia ile ile. Sisi tulikuta kalavati limemegwa upande mmoja, na watoto wa nyumba kumi na nne wanavushwa mgongoni na vijana wa bodaboda, mia tano kwa kichwa. Wiki ile ile tukaita kikao, tukawarudisha wale watoto shule mama mpaka kalavati lijengwe, tukaandika barua kwa mtendaji na nakala kwa afisa elimu kata. Baba wa matofali ndiye aliyeipeleka.