Uzoefu wa kazi ukiwa bado chuo: usisubiri fildi

Wadogo zangu mliopo mwaka wa kwanza na wa pili, hii ni yenu. Kila nikikaa na wahitimu wapya wimbo ni ule ule, tangazo linataka uzoefu wa miaka miwili na mtu ana wiki nane tu za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, na hizo zenyewe nusu alikaa nyumbani akipika logbuku, lile daftari la kuandika kazi za kila siku. Mi nilisoma uhasibu Dar kwahiyo mifano mingi itakuwa ya huko, we geuza kulingana na kozi yako.

Tuanze na fildi maana ndo watu wanaichezea. Kwa vyuo vingi inaangukia kati ya mwezi wa 7 na wa 9, sasa watu wanaanza kuhangaika na barua baada ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula) wakati ofisi zimeshajaa. Peleka mwezi wa 2 au wa 3, na usipeleke moja, peleka hata sita, na usikomae na mabenki tu ambako kila mtu anabisha hodi. Kuna halmashauri, mamlaka za maji, hospitali za wilaya, saccos, na vile viofisi vya ukaguzi vya watu watano ambavyo binafsi naona ndo unajifunza zaidi maana hamna wa kumsukumia kazi zaidi yako. Kama una mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo) wenye fungu la mafunzo kwa vitendo usilile pamoja na bumu, ile hela ya kujikimu, hiyo ndo nauli yako.

Barua ya halmashauri inaandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, unaambatanisha barua ya utambulisho ya chuo, namba ya simu ikae juu kwenye anwani. Sasa hapa ndo nilipochemka. Niliacha barua getini kwa mlinzi nikaondoka zangu, nikakaa mwezi mzima nasubiri simu, kuja kuulizia hamna hata anayeijua. Barua inapelekwa masijala, ofisi inayopokea barua na kutunza mafaili. Unaingia, shikamoo kwanza, unatoa nakala mbili, moja inabaki kwao, ya pili unaomba wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe unaondoka nayo. Siku ukirudi huanzi kujieleza, unaonyesha muhuri, wanakutajia faili liko meza ya nani. Na urudi mwenyewe, kwenye simu utaambiwa inashughulikiwa mpaka mfunge chuo.

Ukishapata, siku za mwanzo utatumwa fotokopi na kupanga mafaili na hakuna atakayekukalisha chini akufundishe, wana kazi zao. Mi nilipanga vocha za malipo wiki mbili nzima, lakini nilikuwa nazisoma, dokezo, oda ya ununuzi, ankara, hati ya kupokelea mali, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), nani kasaini wapi. Wiki ya tatu nikamfuata mhasibu nikamwambia mama, hii malipo ni ya bidhaa lakini kodi ya zuio (ile mlipaji anaikata kabla ya kulipa) imekatwa asilimia 5 kama ya huduma, si ilitakiwa 2? Akaivuta, akaiangalia, hakusema kitu. Kesho yake nakuta rundo la vocha mezani, nizipitie kabla hazijafika kwake. Chai niliendelea kutumwa, ila mchana nilikuwa na kazi.

Logbuku jaza jioni ya siku ile ile na usiandike "nilisaidia kazi za ofisi", hiyo haisemi kitu. Andika umefanya nini na ngapi, maana hizo sentensi ndo unazihamishia kwenye CV. "Nilikuwa idara ya fedha" kila mtu anayo. "Nilikagua viambatisho vya vocha na kuandaa usuluhisho wa benki wa mwezi mmoja" (yaani kulinganisha daftari la ofisi na taarifa ya benki) hapo mtu wa intavyuu ana cha kukuuliza na we una cha kujibu.

Lakini fildi peke yake haitoshi, na kitaa kuna kazi nyingi ambazo watu hawazihesabu. Kikoba cha mama yako kina hisa, mfuko wa jamii, mikopo, faini, vyote kwenye daftari la kaunta lililochanika, omba uwawekee kwenye Excel, kila kikao wakimaliza unaingiza. Ukifanya mwaka mzima wewe ni mtunza hesabu wa kikundi, andika hivyo hivyo, mwenyekiti atathibitisha. Malekchara wenye tafiti nao wanatafuta wakusanya data, jifunze KoboToolbox, programu ya kukusanyia data, kwenye simu yako, halafu mfuate ofisini umwambie unajua kuitumia. Kazi za muda nazo usizidharau, sensa ya 2022 ilichukua vijana kibao na leo ni mstari kwenye CV zao.

Kujitolea sawa, ila wekeni muda na kazi zinazojulikana, na angalau nauli. Mtu anajitolea miaka miwili anafungua na kufunga ofisi, huo ni ukibarua wa bure. Ukishahitimu kuna TaESA, watu wa huduma za ajira wa serikali, wana programu ya mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu, ingia mtandaoni ujisajili.

Kabla hujaondoka popote ulipofanya kazi omba vitu viwili, barua yenye kichwa cha ofisi inayosema ulikuwepo kuanzia lini mpaka lini ukifanya nini, na ruhusa ya kumuweka supavaiza kama mdhamini wako. Ruhusa muhimu, usije ukamuandika mtu halafu anapigiwa simu anauliza "nani huyo?" Mtumie salamu za Idi au Krismasi asikusahau. Na ile barua ipige picha siku hiyo hiyo ujitumie kwenye imeili, ya kwangu niliisahau kwenye droo ya hosteli, nikahama chumba, mpaka leo.