Somo: Mtandao ukigoma, tafuta umekwama kituo gani (LAN, WAN na itifaki zake)

Habari zenu wakuu.

Nikiitwa mahali, maneno huwa ni yaleyale: "Fundi, mtandao hakuna." Ukiuliza hakuna vipi, unajibiwa Wi-Fi inaonekana ila haifungui kitu. Aina za mitandao na itifaki (kanuni za vifaa kuongea) ukizikariri kwa orodha zinakutoka kichwani wiki hiyohiyo. Kwa hiyo leo tulisindikize ombi moja kutoka kompyuta ya steshenari hadi tovuti iliyo mbali, tukisimama kila kituo. Steshenari yetu ina kompyuta mbili, printa moja, ruta juu ya kabati na simu za wafanyakazi.

Hatua ya 1: Jua uko mtandao gani

Mitandao hugawanywa kwa umbali. Spika inayoongea na simu kwa Bluetooth ni PAN, mita chache tu. Kompyuta, printa na ruta ndani ya duka ni LAN, iwe kwa waya (Ethernet) au kwa Wi-Fi. Ukiunganisha majengo ya mji mmoja unapata MAN. Kinachovuka miji na nchi ni WAN, na intaneti ndiyo kubwa kuliko zote.

Mpaka wa LAN na WAN ndio muhimu kuliko yote. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya bahari ya EASSy na SEACOM ilipokatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na Uganda? WAN iliumia. Lakini mwenye printa kwenye LAN yake aliendelea kuchapa, kwa sababu kazi ile haitoki nje ya ukuta wa duka.

Hatua ya 2: Angalia waya

Taa ya tundu la waya haiwaki? Usiguse mipangilio yoyote, shughulika na waya kwanza. Kebo ya shaba isizidi mita 100. Mpangilio wa nyaya tunaotumia sana ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Tazameni kijani. Iko namba 6, mbali na mwenzake aliye namba 3. Wanaoanza huiweka namba 4 ili rangi zifuatane, na wakifanya hivyo pande zote mbili kipimo cha taa kinapita chote. Ila mtandao unakuwa mzito na kukatika, kwa kuwa nyaya zilizosokotwa pamoja hazifanyi tena kazi pamoja. Kata, anza upya.

Hatua ya 3: Je, umepewa anwani?

Kwenye Windows fungua cmd (dirisha la kuandika amri), andika ipconfig. Ukiona 192.168 na namba zake, hiyo ni anwani ya IP ya kompyuta yako, na DHCP, itifaki inayogawa anwani, imefanya kazi. Kompyuta hupaza sauti, "Nani wa kunipa anwani?" Ruta inajibu, "Chukua hii." Kompyuta inasema, "Naichukua." Ruta inamaliza, "Sawa, ni yako kwa muda fulani." Ukiona namba inayoanza na 169.254, kompyuta iliita na hakuna aliyeitika, ikajipa yenyewe. Tatizo liko kati yako na ruta, kampuni ya simu haihusiki.

Hatua ya 4: Mwite ruta

Ping ni amri ya kuita kifaa uone kama kitajibu. Andika ping 192.168.1.1 (au namba iliyoandikwa Default Gateway kwenye ipconfig). Kabla ya pakiti (kipande cha data) kuondoka, itifaki ya ARP inauliza LAN nzima, "Mwenye anwani hii ni nani?" Ruta inajibu kwa namba yake ya MAC (namba ya kifaa chenyewe), ndipo ping inapita. Ikijibu, LAN yako ni nzima.

Hatua ya 5: Toka nje

Andika ping 8.8.8.8, anwani ya seva ya Google iliyo nje. Ruta ilijibu lakini hii imekaa kimya? Sasa ndiyo uangalie bando, mnara au kampuni inayokuhudumia. Anwani za 192.168 hazisafiri nje. Ruta inazibadilisha kuwa anwani yake ya nje, na kazi hiyo inaitwa NAT.

Hatua ya 6: Uliza jina

Namba zinajibu, majina hayafunguki? Hiyo ni DNS, daftari la majina ya intaneti. Weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 (seva za DNS zilizo wazi kwa wote) kwenye mipangilio ya DNS, jaribu tena.

Hatua ya 7: Fungua ukurasa

Hapa TCP, itifaki inayohakikisha data inafika yote, inapiga hodi, inaitikiwa, inathibitisha, ndipo mazungumzo yaanze. Juu yake HTTPS, kwa kawaida kupitia mlango namba 443, hukagua cheti cha usalama cha tovuti. Kwamba kompyuta za kila aina zinaelewana tunaishukuru TCP/IP, ambayo mtandao wa ARPANET wa Marekani uliihamia rasmi tarehe 1 Januari 1983.

Kituo hiki kiliwahi kunichelewesha saa nzima. Ping zote safi, majina yanapatikana, ila kila tovuti inatoa onyo la usalama. Nimebadilisha DNS, nimezima na kuwasha ruta, wapi. Mwisho jicho likaangukia kona ya chini kulia ya skrini: mwaka 2012. Kibetri cha duara kinachotunza saa ndani ya kompyuta kilikuwa kimekufa. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa kompyuta ile cheti kilikuwa bado hakijaanza kutumika. Nikarekebisha tarehe, kurasa zikafunguka palepale. Kibetri kipya tukanunua jioni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, printa yetu ya Wi-Fi asubuhi inachapa vizuri, ikifika mchana inapotea. Tumeshaibadilisha mara moja.

Jibu: Pole sana, na printa ya kwanza huenda ilikuwa nzima. Nahisi mmeipa anwani ya kudumu, mathalani 192.168.1.20, na ruta haijui hilo. Mchana simu zikiongezeka, DHCP inampa mtu namba ileile, vifaa viwili vinagombania anwani moja. Ingia kwenye ruta, weka DHCP igawe kuanzia .100 hadi .200, printa ibaki .20.

Swali: Kwa nini nikipiga simu ya WhatsApp sauti inakatika vipande, lakini picha nikitumiwa inafika nzima?

Jibu: Picha inahitaji ifike yote, kwa hiyo pakiti ikipotea inatumwa tena hata ikichelewa, hiyo ndiyo kazi ya TCP. Sauti ya simu kwa kawaida hupita kwa UDP, isiyosubiri wala kurudia. Neno lililopotea sekunde mbili zilizopita likirudishwa sasa litavuruga tu mazungumzo. Mtandao ukiwa dhaifu, picha inachelewa na sauti inakatika.

Swali: Fundi, swichi na ruta si kitu kimoja?

Jibu: Hapana. Swichi inaunganisha vifaa ndani ya LAN kwa namba za MAC. Ruta inaunganisha mtandao mmoja na mwingine kwa anwani za IP. Kile kiboksi cha nyumbani kimebeba vyote viwili pamoja na Wi-Fi, ndiyo maana vinachanganywa.

Swali: Mwalimu, niko Kenya. Shule yetu ina maabara ya tarakilishi na ofisi iko kama mita 150 kutoka hapo. Nivute kebo ya kawaida niweke swichi katikati?

Jibu: Itafanya kazi, kwa sababu kila kipande kitakuwa chini ya mita 100, lakini swichi hiyo itahitaji umeme na kinga ya mvua huko nje. Mimi ningevuta faiba (kebo inayopitisha mwanga) moja kwa moja, na kigeuzi cha faiba kwenda shaba kila upande. Mita 150 kwake ni kidogo sana. Chagua faiba isiyo na waya wa chuma ndani, kwani kebo ya shaba kati ya majengo mawili ikipigwa na radi inaweza kuunguza vifaa vya pande zote mbili.