Namna ya kuonyesha filamu ya kutisha yenye msiba ndani, watu wasitoke wamekosana

Hii nawaandikia nyinyi wenye projekta au tivi kubwa, mnaokusanya majirani wikiendi kuangalia muvi. Ukiweka muvi ya kupigana kila mtu anafurahi na mnaagana vizuri. Kazi inaanza siku ukiweka zile za polepole, za kutisha lakini ndani yake ni kufiwa tu, mama kapoteza mtoto, nyumba imenyamaza, saa nzima inapita hamjaona jini wala nini. Nusu ya watu watakuambia hawajawahi kuona kitu kama hicho, nusu watasema umewaharibia usiku, na wote wanaongea kwa hasira. Mi nimeonyesha hizi muvi hapa Arua, Uganda, mtaa wa Oli, sebuleni kwetu, na kuna kosa moja nilifanya ambalo sitaki wewe ulirudie.

Kwanza usiogope watu kugawanyika, hata huko zinakotoka ni hivyohivyo. Hereditary ya Ari Aster ilipotoka mwaka 2018 wakosoaji waliisifu sana, lakini watazamaji wa Marekani walioulizwa usiku wa kwanza wakitoka ukumbini waliipa D+, kwenye kipimo cha A+ mpaka F. Na bado iliingiza zaidi ya dola milioni 80, wakati kuitengeneza ni kama milioni 10 tu. Au Antichrist ya Lars von Trier, kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2009 ilizomewa, na tamasha hilohilo likampa Charlotte Gainsbourg tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu hiyohiyo. Mi naona sababu kubwa ni mbili. Trela inauza muvi ya kushtuana halafu mtu akifika anakuta msiba, anajiona kadanganywa. Na ya pili, kila mtu anaingia na marehemu wake. Asiyefiwa na wa karibu anasubiri jini, aliyefiwa anaona kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza inaanza siku mbili tatu kabla. Fikiria nani anakuja, na nyumbani kwake kumetokea nini. Mi sikufanya hivyo. Nilimkaribisha jirani yetu, mama wa makamo, na nilijua kabisa alizika mtoto wake miezi mitano nyuma, ajali ya boda, lakini siku ile akili yangu ilikuwa kwenye waya na spika. Kuna sehemu kwenye Hereditary kijana anaendesha gari usiku, inatokea ajali mbaya sana, yeye hageuki kuangalia nyuma, anaendesha mpaka nyumbani anapanda kitandani. Asubuhi kamera inabaki usoni kwake tu, na wewe unamsikia mama yake huko nje amefika kwenye gari, analia kilio ambacho sijui nikielezeje. Hapo nikasikia kiti kimesogea. Niliposimama kumfuata nilimkuta barazani amekaa kwenye ngazi, kandambili kazishika mkononi hajazivaa, anaangalia barabara. Nikamwambia pole mama, nisamehe. Akasema, "Mwanangu, kile kilio ni changu."

Tangu siku ile nampitia kila mtu nyumbani kwake, simuambii kwa wasapu maana wasapu mtu anasoma nusu. Namwambia wazi kabisa: ndani ya hii muvi kuna mtoto anakufa, kwa ajali ya gari, na kuna mama anamlilia, inaumiza, ukitaka kuja karibu sana, usipotaka tutakunywa chai siku nyingine. Wapo watakaolalamika umewamalizia utamu. Waache walalamike. Ukimwambia mtu nani anakufa hujamuibia kitu, uoga wa hizi filamu uko kwenye yale yanayofuata baada ya kifo na hayo usiyaseme. Na yule aliyefiwa juzijuzi usimkatalie, mwachie achague, wengine wanataka kabisa kuona, wanakuambia nilidhani ni mimi tu nilikuwa vile.

Sasa suala la VJ. Sisi Uganda tumekulia kwenye vibanda vya kuonyesha video, muvi bila VJ anayetafsiri juu yake watu wengine wanaona kama chakula bila chumvi, na mi nawaheshimu sana ma-VJ, wamefanya bibi yangu ambaye hajui Kiingereza awe shabiki wa muvi za Kihindi. Lakini kwa hizi usitumie. Nusu ya hadithi iko kwenye kimya, VJ akikijaza kile kimya na maneno basi hakuna filamu tena. Mi nafanya hivi: dakika tano kabla ya kuanza nawasimulia kwa Kiswahili hii familia ni nani na nani, nani kafa mwanzoni, mama anafanya kazi gani, halafu wasioshika Kiingereza nawakalisha kona moja na kijana mmoja anawanong'onezea yale maneno ya muhimu tu. Mwambie anyamaze kabisa pale wahusika wanaponyamaza.

Mambo ya vyombo nitaenda haraka. Anza saa mbili usiku kuendelea, kabla ya hapo bado kuna mwanga, na hizi filamu zina giza jingi, kwenye projekta ya bei nafuu huoni kitu, wanaona kitambaa cheusi wanakuambia muvi mbovu. Ziba madirisha hata kwa blanketi. Jenereta ipeleke nyuma ya nyumba mbali uwezavyo, maana kuna milio ya chinichini ambayo ndiyo inakukaba kifua na jenereta inaimeza yote. Simu zote mfukoni. Watoto wakalale kwa jirani, na hapo usibembelezwe.

Katikati watu watacheka. Vijana hasa. Usiwagombeze, mtu akizidiwa na uoga anacheka, hata msibani umeshaona mtu anacheka bila kutaka. Ukimfokea anageuka adui wa filamu na atawavuta wenzake.

Ikiisha usiwashe taa kubwa na usiulize "mmeionaje, nzuri?" Hilo swali ndilo linaleta ugomvi, papo hapo watu wanajipanga pande mbili kama Arsenali na Manchester na hakuna anayerudi nyuma. Leta chai kwanza. Halafu uliza, ni wapi pamekushika? Kila mtu ataje sehemu moja tu. Hapo utashangaa, yule aliyesema haina kitu anakutajia meza ya chakula, mama anavyomfokea mwanawe aliyebaki, na ukimwacha aongee anafika kwao, kwa baba yake.

Siku moja baada ya Hereditary mzee mmoja, afande mstaafu, alikaa kimya mpaka zamu yake, akasema, "Mimi nauliza, matanga yao yako wapi? Wamezika, kila mtu karudi kwake, wanakula watatu mezani. Hakuna shangazi, hakuna mjomba wa kusema nyamazeni, hakuna jirani hata mmoja aliyekuja kulala." Yaani chumba kizima kiligeuka. Maana sisi Walugbara tukifiwa ngoma zinapigwa watu wanajaa, Baganda wanakesha nje kwenye moto na baadaye kuna olumbe, ile shughuli ya kumaliza msiba, Waislamu wa hapa Oli wana arobaini, mfiwa hapati nafasi ya kubaki peke yake na mawazo yake. Mzee aliona kitisho pale ambapo mimi sikukiona, na nimeangalia ile filamu mara nne. Nilipomweleza kwamba kwenye ile nyingine ya Antichrist mume na mke wamefiwa na mtoto halafu wanaenda kukaa wawili tu kwenye kibanda msituni, alishika kichwa. (Hiyo usiionyeshe sebuleni, ina mambo makali mno ya mwili, nakuambia kwa kukupenda.)

Kuna pia wale watakaosema lile pepo la kwenye Hereditary ni pepo, siyo huzuni, na watu waliosoma watataka kuwasahihisha. Wazuie. Mtu aliyeona kwao ukoo ukiandamwa na vifo vinavyofuatana ana haki ya kuona pepo, na kwenye hiyo filamu pepo kweli lipo na lina jina. Waache wote wawili waseme mpaka mwisho, ila asiyeamini asimcheke anayeamini.

Asubuhi yake pita kwa yule aliyetoka mapema au aliyekaa kimya usiku mzima. Usianzishe habari za muvi. Yule mama jirani mi nilimpelekea mandazi, tukakaa, na baada ya muda mrefu yeye mwenyewe akaniuliza, "Yule kijana aliyekuwa anaendesha, kuna mtu alimwambia si kosa lake?" Nikamwambia hapana mama, hakuna. Akasema basi ndiyo maana, akaingia ndani kuniletea picha ya mtoto wake.